Subira na Kungoja katika Barua ya Birmingham

Barua ambayo Martin Luther King aliiandika katika jela ya mji wa Birmingham, jimbo la Alabama, Aprili 1963, husifiwa zaidi kwa ushujaa wa mwandishi kuliko kwa maandishi yenyewe. Sifa hiyo ni ya haki, lakini ni pungufu. Mashujaa wengi wameandika wakiwa vifungoni, na maandishi yao mengi hayana msomaji tena. Barua hii ingali ikisomwa kwa sababu hoja yake kubwa, yaani ni nani mwenye haki ya kumwambia mwenziwe angoje, haikutamkwa tu. Ilitiwa katika mwendo wa sentensi zake hata msomaji akaionja kabla ya kuikubali.

King alikamatwa Ijumaa Kuu, tarehe 12 Aprili, kwa kuandamana kinyume cha amri ya mahakama ya jimbo. Wakati huo huo viongozi wanane wa dini, wote weupe, walitoa tamko magazetini: maaskofu, wachungaji na rabi mmoja. Walisema kwamba maandamano hayakuwa ya busara, hayakuja kwa wakati wake, na yaliongozwa kwa sehemu na wageni. Waliwasifu askari kwa utulivu wao. Haifai kuwadhania watu hawa kuwa wakatili. Januari ya mwaka ule ule walikuwa wametia sahihi tamko jingine la kuwaonya weupe wenzao wasizikaidi amri za mahakama. Aidha walikuwa na sababu ya kutumaini, maana tarehe 2 Aprili Albert Boutwell alikuwa amemshinda Bull Connor, mkuu wa usalama aliyesifika kwa ukali, katika uchaguzi wa meya. Ushauri wao ulikuwa ushauri wa watu wapole: serikali mpya ipewe nafasi, weusi wawe na subira.

Kwa hiyo King hakuwa akijibizana na adui. Adui ni rahisi kumjibu. Alikuwa akijibizana na mtu wa kheri anayekubali kwamba dhuluma ni dhuluma, ila angependa iondolewe kesho. Ndiyo maana barua yaanza kwa upole, ikiwaita ndugu katika kazi ya Mungu, na kukiri kwamba nia yao ni njema. Upole huo si adabu tupu. Ukishamkubalia mtu kuwa mwema, umemnyima maficho. Hawezi tena kusema kwamba hakuitwa kwa jina la wema wake. Hata mashahidi walioitwa katika barua wamechaguliwa kwa jicho hilo hilo. Thomas Aquinas aletwa, na miongoni mwa wanane yumo askofu Mkatoliki. Martin Buber aletwa, na yumo rabi. Paulo, Amosi, na vijana watatu waliotupwa tanuruni na Nebukadneza hawana haja ya kuelezwa kwa yeyote kati yao. Kila msomaji akutana na mzee wa nyumbani kwake akimwambia kwamba mfungwa amesema kweli.

Sehemu iliyo tajiri kupita zote, hata hivyo, ni ile inayolijibu neno moja: ngoja. Kiswahili chaweza kumsaidia mhakiki hapa, kwa kuwa lugha hii imeyatenga mambo mawili ambayo wale wanane waliyachanganya. Yasemwa kwamba subira huvuta heri. Yasemwa pia, na wahenga wale wale, kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Methali hizi hazipingani. Subira ni ya mwenye kustahimili na ni yeye ajuaye kipimo chake. Kungojeshwa ni amri ya mwingine ambaye tumbo lake halina njaa. Barua ya Birmingham imesimama katika nafasi iliyopo kati ya methali hizo mbili.

King anaiziba nafasi hiyo kwa sentensi moja yenye maneno zaidi ya 300. Yaanza na kishazi cha wakati, kikafuata cha pili, kikafuata cha tatu, kila kimoja kikileta jambo lake: watu waliouawa na makundi ya wahuni, polisi wanaopiga bila kuulizwa, binti wa miaka sita aliyeona bustani ya michezo katika tangazo la televisheni na baba yake akakosa ulimi wa kumweleza kuwa haifunguliwi kwa watoto weusi, msafiri anayelala garini kwa sababu hakuna nyumba ya wageni itakayompokea. Kishazi kikuu hakitokei. Msomaji akitafuta kikomo hakioni. Avuta pumzi na kuendelea, na mzigo wazidi. Mwisho kabisa, akiwa amechoka, ndipo aambiwapo kwamba sasa atafahamu kwa nini kungoja ni kugumu. Amekwisha kufahamu, kwa kuwa amengojeshwa. Mfasiri wa Kiswahili angekuwa na kiungo -po-, chepesi na chenye kuvumilia kurudiwa, lakini angeshawishika kuikata sentensi vipande vipande ili isomeke kwa urahisi. Akifanya hivyo atakuwa ameyatafsiri maneno na kuitupa hoja.

Katikati ya mateso hayo makubwa yameingizwa mambo yanayoonekana madogo: mtu mzima kuitwa mtoto hata akiwa mzee, mke na mama kunyimwa neno la heshima mbele ya majina yao. Msomaji wa mbali angeshangaa kuyakuta karibu na mauaji. Mswahili hatashangaa. Katika lugha ambayo mdogo hamtaji mkubwa bila ya kutanguliza Bwana, Bibi, Mzee au Mama, kumwondolea mtu neno hilo ni kumvua nguo njiani. Na neno lenyewe la kumfanya mtu mzima mtoto lilifika Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni, likawa boi, akaitwa hivyo mtumishi wa nyumbani hata akiwa na wajukuu. King mwenyewe aliitazama Afrika alipoandika. Asema kwamba mataifa ya Asia na Afrika yakimbilia uhuru, na weusi wa Marekani bado wajikokota kuelekea kikombe cha kahawa mezani pa mkahawa. Wakati huo Tanganyika ilikuwa huru tangu 1961 na Uganda tangu 1962. Huko nako watu walikuwa wameambiwa kwamba bado hawajawa tayari.

Barua haikosi udhaifu. Mlango wa sheria ya haki na sheria ya dhuluma ni imara panaposema kwamba sheria ambayo wengi huwatwika wachache bila wao wenyewe kuifuata si sheria ya haki. Hapo mtoto wa shule aweza kupima. Panapoegemea Aquinas na sheria ya milele pameegemea ukuta ambao si wote wauonao. Vilevile yapo maneno, kuhusu wazalendo weusi waliokata tamaa na weupe, yanayomwonya msomaji kwamba asipowasikiliza wapole atakutana na wakali. Onyo lilikuwa la kweli, lakini laingiza hofu katika hoja iliyojengwa juu ya dhamiri, na aliyeshawishiwa kwa hofu huacha kushawishika hofu ikiondoka. Shahidi bora kuliko wote si mwanachuoni. Ni mwanamke mzee wa Montgomery, mwenye miaka 72, aliyekataa kupanda mabasi ya ubaguzi pamoja na wenziwe na alipoulizwa juu ya uchovu akajibu kwa sarufi mbovu kwamba miguu imechoka na roho imepumzika. King amemweka karibu na mwisho, baada ya wanafalsafa wote, wala hakuisahihisha sarufi yake.

Yafaa kusemwa pia kwamba si barua iliyoufungua mji wa Birmingham. Iliandikwa pembezoni mwa gazeti na juu ya vipande vya karatasi, ikapigwa taipu nje ya jela, kisha ikasawazishwa kabla ya kuchapwa. Gazeti la Christian Century liliitoa tarehe 12 Juni. Mapatano na wafanyabiashara yalikwisha kutangazwa tarehe 10 Mei, baada ya watoto wa shule kuandamana kwa mamia tangu tarehe 2 na Connor kuwaelekezea mipira ya maji na mbwa. Ufasaha ulifika nyuma ya miguu ya watoto. Ama hoja ya sheria, ilishindwa mbele ya mahakama: mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliithibitisha adhabu ya kuikaidi ile amri ya Aprili, na mwishoni mwa Oktoba mwaka huo King alirudi Alabama kumalizia kifungo chake.