Nebukadreza wa Blake: Mnyama au Mtu?
Katika picha ya William Blake iliyobuniwa mwaka 1795, mfalme Nebukadreza atambaa kama mnyama, vidole vyake vina makucha. Lakini macho yake, yaliyojaa hofu, ni ya mwanadamu. Hapo twamsifu msanii: aliona kwamba mfano wa Mungu haukufutika. Twamlaumu kwa jambo moja. Danieli 4 haiishii kondeni. Mfalme ainua macho mbinguni, na fahamu zamrudia. Blake hakuyainua macho hayo.

Leo wapo watu, Ulaya na Marekani, wakirio kwamba nafsini mwao ni mbwa mwitu au majoka. Hawakuhukumiwa kama mfalme yule, wala si haki kuwacheka. Mchungaji awatazame machoni kwanza, kabla ya kuhesabu makucha.