Ng'ombe wa Umma, Maziwa ya Kampuni

Mwaka 2004 jiji la Philadelphia, Marekani, lilitangaza mpango wa intaneti isiyo na waya kwa wakazi wote. Kazi ikapewa kampuni ya EarthLink. Faida ilipokosekana, mwaka 2008 ikajitoa. Tanzania ilishika njia nyingine: sheria ya 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaozipa kampuni za simu ruzuku zijenge minara vijijini. Mwaka 2023 ilisainiwa mikataba ya minara 758. Sisi wa Kharumwa hatuwezi kuubeza mnara. Lakini, msomaji, ruzuku bila sharti la bei ni nusu ya kazi. Umma unachangia kumnunua ng'ombe, kampuni inamkamua, kisha maziwa tunauziwa kwa vocha.