Mkono wa Mnakili: Hati za Muhamadi Kijuma na Tenzi Zilizopigwa Chapa

Tangu tarakilishi zilipoanza kupanga vitabu, na mashine kuigeuza picha ya ukurasa kuwa herufi, yadhaniwa na wengi kwamba kazi ya mnakili imekwisha na hati za mkono zimebaki kuwa pambo la makavazi. Dai hili lahitaji kupimwa, na kipimo kifaacho ni kazi ya Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mwanamuziki, mchonga milango na mnakili, na hati zake ziliwafaa wahariri kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann.

La kwanza kuzingatiwa ni mpango wa ukurasa. Ubeti wa utenzi una vipande vinne, kwa kawaida vya mizani nane nane. Vitatu vya kwanza hushirikiana kina; cha nne hubeba kina cha bahari, kinachofululiza hadi mwisho wa utenzi. Katika hati za aina hii ubeti wote huandikwa katika mstari mmoja, na alama ndogo za kuchora hutenga kipande na kipande. Kwa kuwa khati ya Kiarabu huanzia kulia, kina cha bahari huangukia ukingo wa kushoto, mstari baada ya mstari, kikasimama kama nguzo. Jicho huona kile ambacho sikio husikia. Matoleo mengi ya chapa huupanga ubeti katika mistari minne, na nguzo hiyo huvunjika. Kwa hiyo kinachodhaniwa kuwa urembo mtupu ni uchambuzi wa arudhi uliofanywa kwa kalamu.

La pili ni herufi zenyewe. Khati ya Kiarabu ina alama tatu za irabu, hali Kiswahili kina irabu tano. Hivyo "kuku" na "koko" huweza kuandikwa sawasawa. Hii ni kasoro kwa msomaji mgeni, lakini mnakili alimwandikia mtu aliyekwisha kuusikia utenzi ukiimbwa. Mhariri anayehamisha maneno hayo katika herufi za Kirumi hulazimika kuchagua, na chapa huuficha uchaguzi wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, yaliandikwa na Mwalimu Sikujua kwa ajili ya W. E. Taylor, Hichens aliyachapisha mwaka 1940. Msomaji wa kitabu huona neno moja, wazi na safi, asijue kama palikuwa na shaka. Mashine nayo hufanya vivyo hivyo, ila kwa kasi zaidi.

Hata hivyo, haifai kuusifu mkono kwa sababu tu ni mkono. Mnakili huruka ubeti, hurudia mstari, na pengine husahihisha asichokielewa. Aidha, hati nyingi za Kijuma ziliagizwa na wataalamu wa Ulaya, naye akalipwa. Haziwezi kuchukuliwa kuwa kioo kisicho na doa cha desturi ya Lamu. Lakini jambo hilo lenyewe laonyesha kwamba mnakili ana historia yake inayostahili kuchunguzwa, kama walivyofanya Gudrun Miehe na Clarissa Vierke katika kitabu walichokihariri juu yake mwaka 2010.

Hati nyingi za Kijuma zimehifadhiwa London na Ujerumani, na wanafunzi wengi wa fasihi nchini Kenya huzijua tenzi kwa chapa ya Kirumi tu. Tarakilishi si adui hapa, kwani picha zake huweza kuurudisha ukurasa mbele ya macho ya wenyewe. Linalotakiwa ni picha ya hati iwekwe kando ya maandishi ya chapa, na khati ifundishwe pamoja na arudhi. Asiyeweza kuisoma khati hiyo atabaki akitegemea uamuzi wa mhariri asioweza kuukagua.