Hisani au Deni? Matibabu ya Majeruhi wa Vita katika Filamu na Hotuba za Daktari wa Panzi

Kazi nyingi zinazosimulia vita vya mashariki ya Kongo humtazama anayeua na anayekufa. Raia anayebaki hai na jeraha lake, pamoja na yule anayelitibu, hupewa nafasi finyu. Makala haya yanawatazama hao wawili kupitia kazi mbili: filamu ya hali halisi ya Thierry Michel, aliyoiandaa pamoja na mwanahabari Colette Braeckman na kuitoa mwaka 2015, na hotuba ya Daktari Denis Mukwege mjini Oslo tarehe 10 Desemba 2018, alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Swali linalotuongoza ni la kimaadili: kumtibu raia aliyejeruhiwa vitani ni hisani ya nani, na ni deni la nani? Hoja yetu ni kwamba filamu inalijibu swali la kwanza kwa ustadi mkubwa kiasi cha kulifunika la pili.

Tuanze na jina, kwa kuwa ndipo tatizo lilipo. Filamu inaitwa L'homme qui répare les femmes, na chini yake limewekwa jina dogo linalotaja hasira ya Hippocrates. Kitenzi kikuu cha jina hilo hutumiwa na Wafaransa kwa saa iliyosimama na paa linalovuja. Lakini ndicho pia kinachozaa neno la mahakamani la fidia. Kiswahili hakina kitenzi kimoja kinachobeba yote hayo. Tunacho kutengeneza, tunacho kuganga na kuponya, na mbali kabisa na hivyo tunacho kufidia. Mfasiri wa Kiswahili analazimika kuchagua. Akisema "kutengeneza", mwanamke anageuka kitu. Akisema "kuponya", sifa zote zinamwendea daktari. Akisema "kufidia", jina zima linavunjika, kwa sababu anayepaswa kufidia ni aliyevunja, na Mukwege hakumvunja mtu. Ugumu huu wa tafsiri unaufichua mkanganyiko ambao jina la Kifaransa linausitiri: limemvika tabibu wajibu wa mkosaji.

Sheria yenyewe haina utata mkubwa. Kifungu cha 3 kilicho katika Mikataba yote minne ya Geneva ya 1949 kinaagiza kwamba majeruhi na wagonjwa wakusanywe na kutunzwa, hata katika vita visivyo vya mataifa mawili. Itifaki ya Ziada ya Pili ya 1977 inakataza kuwabagua kwa kigezo chochote kisicho cha kitabibu. Amri hizo zinawaelekea wapiganaji na dola. Hospitali ya kanisa haikuwa ndiyo iliyokusudiwa kuubeba mzigo huo peke yake.

Hata hivyo, ndivyo ilivyokuwa. Panzi ilianzishwa Bukavu mwaka 1999, na Mukwege alikusudia iwahudumie wajawazito. Mgonjwa wa kwanza kupokelewa alikuwa mwanamke aliyebakwa na kupigwa risasi. Kabla ya hapo, tarehe 6 Oktoba 1996, hospitali ya Lemera alikokuwa akifanya kazi ilivamiwa, na wagonjwa wakauawa vitandani mwao. Filamu inaijua historia hii. Nguvu yake, hata hivyo, iko katika uso wa daktari, katika chumba cha upasuaji, katika milima na ziwa vinavyopigwa picha kwa uzuri unaokaribia kuwa kosa. Mtazamaji anaondoka akiwa amemheshimu mtu mmoja. Ni heshima stahiki. Tatizo ni kwamba inamtosheleza mtazamaji.

Tukio la kurejea kwake Januari 2013 ndilo linalotoa ushahidi mzito zaidi. Mukwege alikuwa amekimbilia nje baada ya watu wenye silaha kumvamia nyumbani kwake Oktoba 2012, majuma machache tu baada ya kuhutubia Umoja wa Mataifa. Wanawake wa kisiwa cha Idjwi waliuza mananasi na vitunguu wachangie nauli ya kumrudisha. Kisa hiki husimuliwa kama kielelezo cha upendo, nacho ni cha upendo kweli. Lakini tukisome kwa macho ya mhasibu: waliojeruhiwa na jirani zao ndio wanaolipa ili tabibu apatikane, wakati waliojeruhi hawajatoa hata senti. Deni limegeuzwa mgongo. Msimulizi akilipamba tukio hili bila kulihoji, anakuwa amelihalalisha.

Serikali ya Kongo ilipoizuia filamu hiyo mwaka 2015, ilidai kwamba jeshi limepakwa matope na kwamba maneno ya wanawake hayakutafsiriwa sawasawa. Zuio liliondolewa baadaye mwaka huohuo. Kwetu sisi wanaisimu na wahakiki wa fasihi, dai la tafsiri si la kupuuzwa hata kama lilitolewa kwa hila. Ushahidi wa majeruhi unasafiri kutoka Kiswahili na lugha nyingine za Kivu hadi Kifaransa kabla haujasikika duniani, na njiani humo mtenda anaweza kupotea au kubandikwa. "Nilipigwa" haimtaji aliyepiga.

Hotuba ya Oslo inamrudisha mtenda. Mukwege anaikumbusha hadhira ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010, iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili wa kati ya 1993 na 2003, na anasikitika kwamba imeachwa iozee katika mtoto wa meza. Anadai mahakama na fidia. Anawageukia pia wanunuzi wa simu na magari ya umeme. Hapa msemo wetu kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, unakwama: kwa mwanamke wa Panzi yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe, na wanaopenda kuutumia msemo huo mara nyingi ndio wenye kudaiwa. Kwa maoni yetu hotuba hii, isiyo na picha hata moja, inastahili jina dogo la filamu kuliko filamu yenyewe.

Deni hilo limewahi kupimwa kwa fedha. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa vita vya 1998 hadi 2003, na milioni 225 kati ya hizo zilikuwa kwa madhara waliyopata watu. Fedha hizo hulipwa kwa dola, si kwa majeruhi, na safari ya kutoka hazina hadi kitandani ni ndefu. Shauri la Kongo dhidi ya Rwanda lilikuwa limeishia njiani Februari 2006, mahakama hiyo iliposema haina mamlaka ya kulisikiliza. Bukavu iko mpakani mwa Rwanda.