Kukihukumu Tukipendacho

Kukihukumu kitu tusichokijali ni kazi nyepesi. Mtu akisikia wimbo wa mgeni, ukimpendeza atausifu, usipompendeza atauacha, na usiku huo atalala usingizi wake bila ya kusumbuka. Ugumu huanza pale tunapotakiwa kutoa hukumu juu ya kitu tulichokipenda tangu ujana. Wahenga walisema kuwa ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii ni ya kweli, lakini imetaja nusu tu ya maradhi ya mapenzi. Nusu ya pili ni kinyume chake: mara nyingine mpenzi, kwa wingi wa tamaa yake, huona kengeza akaita chongo. Huyu hutaka kile akipendacho kibaki kama kilivyokuwa siku ya kwanza, na kikibadilika kidogo hulalamika kama mtu aliyedhulumiwa. Mhakiki mwema hana budi kujilinda na maradhi yote mawili.

Nataka kulichunguza jambo hili kwa mfano mmoja wa muziki ulio karibu na watu wa Garissa, Wajir na Mandera. Mwaka 2023 ilitolewa albamu iitwayo The Berlin Session, kazi ya kundi lijiitalo Dur-Dur Band Int. Mimi ni mpenzi wa Dur-Dur wa miaka mingi. Nimeisikiliza albamu hii mara nyingi, na kila mara nimeondoka na mioyo miwili: mmoja unashukuru, wa pili unanung'unika. Swali langu ni hili: kati ya mioyo hii miwili, upi usemao haki?

Neno dur-dur katika Kisomali maana yake ni chemchemi. Kundi lenye jina hilo lilianzishwa mjini Mogadishu katika miaka ya 1980. Wakati huo makundi makubwa ya muziki nchini Somalia yalikuwa mikononi mwa serikali ya Siad Barre. Waaberi lilikuwa kundi la taifa, na Iftin lilikuwa chini ya Wizara ya Elimu. Dur-Dur lilikuwa kundi la watu binafsi. Kwa kuwa halikula mkate wa serikali, halikulazimika kuiimbia serikali sifa, nalo likajitolea zaidi kuimba habari za mapenzi. Lilichukua mapigo ya saar, ambayo ni ngoma ya kupunga pepo, na mapigo ya dhaanto, ngoma ya wafugaji ambayo mwendo wake wafanana sana na rege, likayachanganya na fanki na disko za Marekani. Gitaa la besi lilitangulia kama ngamia anayeongoza msafara; kinanda cha umeme kilifuata; na juu ya vyote ilipaa sauti ya mwimbaji Sahra Dawo, sauti nyembamba yenye nguvu, ambayo aliyeisikia mara moja hakuisahau.

Muziki huo haukuhitaji pasi ya kusafiria. Kisomali cha Mogadishu hueleweka Garissa, na kaseti ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni. Huko Mogadishu maduka kama Iftinphone na Shankarphone yalizitoa kazi za Dur-Dur katika kaseti, na kila kaseti iliyouzwa ilizaa nyingine kwa kurudufiwa. Kwetu zilisikika katika maduka ya nguo, katika mikahawa ya chai na ndani ya magari ya mizigo. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwezi wa Januari 1991 na vita vikaenea, wanamuziki wakatawanyika pamoja na wananchi wenzao. Kambi ya Ifo ilifunguliwa karibu na Dadaab mwaka ule ule, na Dagahaley na Hagadera zikafuata mwaka 1992. Tangu hapo nyimbo zile zilipata maana ya pili. Zilikuwa nyimbo za mapenzi. Zikawa pia ushahidi kwamba mji uliokuwa ukitajwa kila siku kwa habari za risasi uliwahi kuwa mji wa watu wacheshi, waliovaa vizuri na kucheza.

Hapa ni lazima mwanafunzi aelewe jinsi kaseti inavyofanya kazi, maana hukumu yangu yategemea jambo hilo. Kaseti ikirudufiwa, kila nakala hupoteza kidogo cha ile iliyotangulia. Sauti kali za juu hufifia, na mvumo wa utepe wenyewe huongezeka. Utepe ukilegea kwa joto au kwa uzee, mwendo wa wimbo huyumba. Nakala ya tano au ya sita ni kama habari iliyopita katika vinywa vitano au sita: kiini kipo, lakini kingo zimelika. Sisi tuliokuwa mbali na Mogadishu tuliipokea Dur-Dur katika hali hiyo. Tulizikaza tepe kwa kalamu ya risasi, tukapuliza vumbi, tukasikiliza, na masikio yetu yakajifunza kuupenda mvumo ule pamoja na wimbo.

Wageni nao walikuja kuigundua hazina hiyo. Mwaka 2013 kampuni ya Awesome Tapes From Africa ilitoa tena Volume 5, albamu iliyorekodiwa mwaka 1987 katika studio ya Radio Mogadishu. Mwaka 2018 kampuni ya Analog Africa ya Ujerumani ikazitoa pamoja albamu mbili za kwanza. Kazi hizo zilikuwa za kuhifadhi. The Berlin Session ni jambo la namna nyingine. Hapa mpiga besi wa zamani, Cabdillahi Ujeeri, amelisimamisha kundi upya na kuingia studio mjini Berlin akiwa na waimbaji watatu: Xabiib Sharaabi, ambaye wapenzi wake humwita mfalme wa muziki wa vijana wa Somalia, Faduumina Hilowle na Cabdinur Allaale. Ni watu waliotawanywa na vita katika nchi mbalimbali, wakakutana tena kwa ajili ya muziki.

Nianze na shukrani. Kwa mara ya kwanza naisikia besi ya Dur-Dur kama inavyotoka katika kidole cha mpigaji. Katika kaseti zetu ilikuwa mngurumo tu; hapa kila noti ina mwanzo wake na mwisho wake, na mtu aweza kuhesabu jinsi pigo la dhaanto linavyoketi kati ya besi na ngoma. Kijana aliyecheza dhaanto katika harusi za Garissa atatambua mara moja kwamba mwendo huu haukuazimwa ng'ambo, bali ni wa kwao. Nazisifu pia sauti za waimbaji. Uzee umeondoa wepesi wa zamani, lakini umeweka mahali pake uzito ambao hauwezi kufundishwa. Neno la mapenzi likiimbwa na mtu wa miaka ishirini ni ahadi. Likiimbwa na mtu aliyepoteza mji wake ni kumbukumbu, na kumbukumbu hii yaingia moyoni.

Sasa niyataje manung'uniko, nayo ni matatu. La kwanza, sauti ya Sahra Dawo haimo. La pili, albamu hii ni safi mno. Imepigwa pasi kama kanzu ya Idi, hata mikunjo niliyoizoea imetoweka. La tatu, yatazama nyuma zaidi ya kutazama mbele. Zaidi ya miaka thelathini imepita kati ya Mogadishu ile na Berlin hii, miaka ya kambi, ya ndege, ya baridi na ya lugha ngeni. Nami nilitamani kuisikia zaidi miaka hiyo, lakini huisikia kwa shida.

Tuyapime moja moja kwa mizani. Nung'uniko la pili halina haki. Mvumo wa kaseti haukuwa kazi ya Dur-Dur. Ulikuwa kazi ya umaskini wetu na umbali wetu. Waliokaa ndani ya studio mwaka 1987 hawakuusikia, wala hawakuutaka. Kumlaumu mpigaji kwa kuwa sasa asikika vizuri ni sawa na kumlaumu aliyepona kwa kuwa hakohoi tena. Hili ni lile kengeza liitwalo chongo, na nalifuta katika daftari.

Nung'uniko la kwanza lina nusu ya haki. Albamu haistahili kulaumiwa kwa mwimbaji ambaye hakuwamo. Yastahili kupimwa kwa waliomo, nao wameimba vyema. Lakini jina ni deni. Anayechukua jina la kundi kongwe huchukua pamoja nalo matarajio ya watu, na msikilizaji aliyenunua jina la Dur-Dur hakosi kuulizia sauti aliyoijua. Waliongeza neno Int. mwishoni mwa jina, nami naliona neno hilo kuwa la uaminifu: lasema kwamba hili ni tawi, si shina. Hata hivyo tawi likijulikana kuwa tawi, bado mtu huruhusiwa kulikumbuka shina.

Nung'uniko la tatu ndilo lenye haki kamili, na hilo nalishikilia. Dur-Dur ya kale ilipendwa kwa sababu ilikuwa na ujasiri. Ilitwaa ngoma ya pepo ikaipeleka ukumbini. Ilitwaa disko ya wageni ikaifundisha Kisomali. Haikuwa ikihifadhi kitu, ilikuwa ikizua. The Berlin Session inahifadhi kwa ufundi mkubwa, lakini haizui kwa kiasi kile. Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba hii ni albamu njema ya watu walioitoa zamani kazi kubwa. Yafaa kusikilizwa na kupendwa, lakini isiwekwe juu ya rafu moja na Volume 5.

Huenda mwanafunzi akadhani kwamba kuzua kumekwisha, na kwamba muziki wa Kisomali umebaki kuwa maombolezo ya mji uliopotea. Sivyo. Papa hapa Garissa kundi la wanawake liitwalo Gargar, neno lenye maana ya msaada, limetoa albamu iitwayo Garissa Express kwa mkono wa Ketebul Music ya Nairobi. Wanawake hao hawakuwa na jina la kale la kulinda; walikuwa na sauti zao, ngoma na makofi, na mji wao wa leo. Anayetaka kujua chemchemi imehamia wapi na asikilize kote kuwili, kwa waliokwenda mbali na kwa waliobaki.

Msomaji kijana, nawe una mwimbaji wako, mwandishi wako au mchezaji wako umpendaye. Siku moja ataleta kazi ambayo haitafanana na ile ya kwanza. Usikimbilie kumtetea, wala usikimbilie kumtupa. Kaa chini uandike malalamiko yako, kisha uulize kila moja: je, hili ni kosa la kazi yenyewe, au ni mazoea yangu tu? Yaliyo mazoea yafute. Yaliyo kosa yaseme waziwazi na kwa adabu, kwa sababu msanii aliyetupa furaha ya miaka mingi anastahili kwetu kitu bora zaidi ya sifa za bure. Anastahili kusikilizwa kwa makini.