Nani Alikandika Nyumba ya Utubora? Kuisoma Riwaya ya Shaaban Robert Nikiwa Lunyo

Katika mwaka wangu wa pili chuoni tulisoma Utubora Mkulima, riwaya ya Shaaban Robert, na niliipenda kuliko vitabu vyote vya muhula ule. Mwaka huohuo kaka yangu, aliyekuwa karani katika ghala moja mjini Busia, aliachishwa kazi. Yeye na mke wake wakarudi Lunyo, kwenye kipande cha ardhi alichogawiwa na baba, wakaanza kutengeneza nyumba iliyokuwa imeachwa miaka mingi na kulima shamba lililoota vichaka. Nilimpelekea kitabu. Nilimwambia, "Soma, kaka. Huyu naye aliacha mshahara akaenda kulima." Kaka alikitazama akacheka kidogo. "Yeye aliacha," akasema, "mimi nimeachishwa."

Jibu hilo lilipaswa kunitosha, lakini halikunitosha. Likizo ile nilikaa nao wiki sita, na jioni tulikisoma kitabu pamoja. Insha hii ni uhakiki wa riwaya hiyo kama nilivyolazimika kuisoma upya nikiwa kwenye ua wao. Hoja yangu ni kwamba Shaaban Robert anafanya jambo kubwa na la haki anapoupa ukulima heshima ya uamuzi wa mtu mwenye akili. Hata hivyo, anaitazama kazi ya kutengeneza makazi kana kwamba ni ya mtu mmoja. Kwa hiyo ndoa katika riwaya inakuja kama tunda la kazi iliyokwisha kufanyika, na swali la nani alifanya kazi ipi, na nani atamiliki nini, halipati nafasi.

Nianze na sifa, kwa sababu ni za kweli. Shaaban Robert alizaliwa 1909 akafariki 1962, na riwaya hii ilichapishwa 1968, baada ya kifo chake. Utubora anafanya kazi mjini kwa Ahadi, tajiri ambaye angependa kumbakiza kwa mshahara mnono. Anakataa, anakwenda Busutamu, anaanza maisha ya shamba. Kama ilivyo kawaida ya mwandishi huyu, majina yanabeba maana: Utubora ni utu ulio bora, na Mkulima si jina la kazi tu bali ni cheo. Kwa wanafunzi wa kizazi changu hili si jambo dogo. Shule ya msingi niliyosoma, aliyechelewa alipewa jembe. Aliyepiga kelele alipewa jembe. Tulikua tukijua kwamba kulima ni adhabu na kalamu ni msamaha. Riwaya inayomwonyesha mtu mwenye kalamu akilichukua jembe bila kulazimishwa na yeyote inavunja somo hilo baya tulilofundishwa, na ndiyo maana niliipenda.

Tena wahakiki wengi wanaikaribisha karibu na Azimio la Arusha la 1967, kwa kuwa ilitoka mwaka mmoja baadaye. Nadhani ukaribu huo unapotosha. Mwandishi alikuwa amekwisha kufa miaka mitano kabla ya Azimio. Na shamba la Busutamu si la ujamaa. Ni shamba la mtu binafsi anayetafuta amani ya nafsi. Hilo si kosa. Ila linatuonyesha mahali pa kumuuliza maswali: si katika siasa ya kijiji, bali ndani ya uzio wa nyumba.

Sasa nieleze uzio nilioukuta mimi. Lunyo ni kata katika Wilaya ya Busia, Uganda, nchi ya Wasamia. Wasamia wako pande zote mbili za mpaka tangu 1902, Waingereza walipoihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda kulipeleka upande wa Kenya. Wifi yangu alizaliwa ng'ambo, upande wa Funyula, akasoma huko. Kwa hiyo jioni zile nilipokuwa nikisoma, kaka ndiye aliyehitaji nimfafanulie maneno kwa Kisamia; wifi alikuwa ananisahihisha matamshi.

Nyumba yao ni ya vyumba viwili, kuta za fito na udongo, bati lililoliwa na kutu upande mmoja. Kazi ya kwanza ilikuwa kukandika upya. Msomaji ambaye hajawahi kukandika ajue kwamba udongo haukandikwi mkavu: unachimbwa, unamwagiwa maji, unakanyagwa kwa miguu hadi ushikane, ndipo unarushwa na kusukumwa kwenye fito. Kinachokula nguvu ni maji. Siku moja niliamua kuhesabu. Tulitumia madumu kumi na nane ya lita 20 kutoka kwenye kisima cha pampu; mimi nilibeba matano, wifi kumi na matatu. Kaka alichimba, akakanyaga, akarusha. Jioni majirani waliopita walisema, "Kaka yako anajenga." Hakuna aliyesema uongo, maana ukuta ulikuwa na alama za viganja vyake. Maji yalikuwa yameshakauka.

Nilipofungua kitabu usiku ule, nilisoma upya sehemu za makazi ya Busutamu kwa jicho jingine. Utubora anafika kijijini akiwa hana mke. Nyumba na bustani zinatengenezwa kwanza, mapenzi na ndoa vinafuata. Mpangilio huo una maana yake katika maadili ya riwaya: mwanamume anajinyoosha, anatengeneza mahali, kisha anastahili mwenzi. Mwanamke anaingia kwenye nyumba iliyo tayari. Wifi alisikiliza hadi mwisho wa sura, akauliza swali moja: "Wifi, huyo mwanamke wa kitabu chako, analima wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilisema kwamba hiyo si dhamira kuu ya riwaya. Ni jibu linalopata alama katika mtihani, lakini pale uani halikuwa na uzito wowote.

Swali lake lilinifanya nione jambo la pili. Katika riwaya, nyumba na shamba vinakwenda pamoja kama ndugu: kimoja kikistawi kingine kinapendeza. Lunyo nyumba na shamba vinagombania mfuko mmoja. Tuna misimu miwili ya mvua, ya Machi na ya Agosti, na mavuno ya msimu wa kwanza ndiyo yanayoamua kila kitu. Mwaka ule walipata magunia matano ya mahindi. Kaka alitaka wauze matatu wanunue mabati kabla mvua ya pili haijakolea. Wifi alisema mawili yatoshe, kwa sababu bati haliliwi. Walibishana siku tatu. Sauti hazikupanda, ila kila mmoja alikuwa akitafuta shahidi. Kaka aliniuliza kama nataka kulala kwenye maji. Wifi akanipeleka shambani akanionyesha mihogo, akasema hiyo ndiyo benki, lakini benki nayo hufilisika. Mama yetu sote anakumbuka miaka ya 1990, batobato ilipofagia mihogo Uganda, na watu waliotegemea zao moja walivyohangaika. Mwishowe waliuza mawili. Upande mmoja wa paa ulipata bati jipya, upande wa jikoni ukabaki na sufuria chini ya tundu.

Kwa maoni yangu, ubishi ule wa siku tatu ulikuwa ndoa yenyewe ikijengwa. Watu wawili walipima gunia kwa bati, hofu ya njaa kwa aibu ya kuvujiwa, kila mmoja akikubali kupoteza kidogo. Hiki ndicho ninachokikosa katika Utubora Mkulima. Utubora habishani na mtu kuhusu matumizi ya mavuno, kwa sababu anaamua peke yake. Utu wake unapimwa mbele ya tajiri aliyetaka kumnunua na mbele ya mapenzi yaliyomvunja moyo. Haupimwi mbele ya mtu anayekula naye sufuria moja na anayeona hesabu tofauti.

Je, fasihi yetu ina kitabu kinachofanya hivyo? Nilitafuta kwenye vitabu nilivyosoma. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa 1858, unatupa sauti ya mwanamke akizungumza juu ya nyumba, naye ni mama anayemwusia binti yake. Lakini nyumba yake ni ya waungwana wa pwani, imekwisha kujengwa. Kinachobaki kwa mke ni kuitunza na kumtuza mume. Wimbo wa Lawino wa Okot p'Bitek, ambao Paul Sozigwa aliuleta katika Kiswahili, unatukaribia zaidi. Lawino anaeleza jiko la mama yake, mawe ya kusagia na kuni kama mtu anayeeleza elimu, na anadai elimu hiyo iheshimiwe. Hata hivyo Ocol, mume wake, hayumo jikoni. Shaaban Robert ametupa mwanamume anayetengeneza makazi pasipo mke, na Okot p'Bitek ametupa mke anayetetea makazi pasipo mume. Ukiviweka vitabu hivi pamoja mezani, bado hupati watu wawili walioshika fito moja.

Najua pingamizi litakalotolewa, na mhadhiri wetu alinipa mapema. Riwaya za Shaaban Robert ni za kimaadili. Wahusika wake ni mawazo yaliyovaa nguo. Si haki kumdai Utubora madumu ya maji kama vile si haki kumdai sungura wa hadithi cheti cha kuzaliwa. Nakubali nusu. Sitarajii riwaya ya aina hii ihesabu magunia. Lakini riwaya ya kimaadili ina wajibu mmoja ambao riwaya ya uhalisia inaweza kuukwepa: inachagua nini kisifiwe. Kama utu bora unaonyeshwa kwa kazi ya mikono, basi kazi isiyotajwa ni kazi isiyohesabiwa kuwa utu. Mwandishi aliyeliita tabaka zima la wakulima kwa jina la heshima alikuwa na uwezo wa kumwita pia mtu aliyebeba maji. Tena Shaaban Robert huyuhuyu ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwanamke aliyeinuka kwa kazi yake. Kwa hiyo siwezi kusema hakuweza kuona.

Lunyo jembe na ndoa vina historia ndefu kuliko riwaya. Vilima vya Samia vina madini ya chuma, na wahunzi wa Kisamia walifua majembe yaliyouzwa mbali na kutolewa kama mahari. Jembe ndilo lililomleta mwanamke kwenye boma, na alipofika ndilo alilopewa ashike. Ardhi aliyoilima ilibaki ya ukoo wa mume. Sheria imebadilisha sehemu ya hadithi hiyo. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inamtaka mwenye ndoa apate idhini ya mwenzake kabla ya kuuza au kuweka rehani ardhi ambayo familia inaishi na kujipatia riziki, na marekebisho ya 2004 yakaongeza haki ya mwenzi kukaa katika ardhi hiyo. Lakini idhini si umiliki. Na ardhi ya kaka alipewa kwa mdomo, mbele ya wazee wa ukoo, bila karatasi yoyote.

Usiku wa mwisho wa likizo tulimaliza kitabu. Kaka alisema kimempa moyo. Alisema ni vizuri kuona mtu akilima bila kuona haya. Nilifurahi. Wifi alikuwa anachambua maharagwe. Akasema, "Ni kitabu kizuri. Sasa kaka yako akifa kesho, ukuta huu niliokandika ni wa nani?" Kaka alinyamaza, kisha akasema kwamba baada ya mavuno wataenda kwa mwenyekiti wa kijiji pamoja na wazee, waandike barua yenye majina yote mawili.

Sitaki msomaji adhani ninaitupa riwaya. Ningependa iendelee kusomwa shuleni, hasa katika shule zinazotoa jembe kama adhabu. Ila ningependa isomwe pamoja na swali la wifi, na mwalimu awaulize wanafunzi: nani alichota maji ya Busutamu? Mimi mwenyewe nilimpa kaka kitabu kama dawa ya kuachishwa kazi, nikasahau kwamba nyumbani kwake kulikuwa na msomaji wa pili, tena anayejua Kiswahili kumzidi yeye.

Hadi ninapoandika haya, mihogo imefika kiunoni na upande wa jikoni umepata mabati mawili kati ya manne. Barua haijaandikwa. Wifi ananikumbusha kila tunapozungumza kwa simu, na mimi namkumbusha kaka.