Mlanguzi wa Angani: Uhakiki wa Mchezo wa "Elite"

Wapo makada wanaoona kuwa mchezo wa kompyuta si jambo la kujadiliwa na watu wazima. Sisi hatukubaliani nao. Kila kinachomkalisha kijana saa tatu bila kuinuka kinamfundisha kitu, na ni wajibu wa mkufunzi kuuliza kinamfundisha nini.

Hivi karibuni, nyumbani kwa jamaa huko Boko, tulimkuta kijana wa chuo akicheza "Elite". Huu ni mchezo wa mapigano ya angani uliotungwa na Waingereza wawili, David Braben na Ian Bell, ukatolewa mwaka 1984 kwa kompyuta ya nyumbani ya BBC Micro. Wakati huo haikuwa rahisi ufike kwetu, maana mwaka 1974 Serikali ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo unachezwa kwa programu inayoiga mashine ile. Tuliomba zamu, tukacheza hadi usiku.

Kwanza tuusifu. Kompyuta ile ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 32 tu, lakini watungaji waliingiza humo sayari 2,048, kwa kuziacha zizaliwe na hesabu badala ya kuziandika moja moja. Huko ndiko kutumia kwa akili kidogo kilichopo. Mapigano, ingawa yamechorwa kwa mistari mitupu, bado yanatoa jasho.

Hata hivyo, kiini cha mchezo huu si bunduki, ni biashara. Mchezaji huanza na chombo na krediti 100. Hununua chakula kwa bei ya chini katika sayari za kilimo, akakiuza katika sayari za viwanda. Hurudi na kompyuta na mashine, akawauzia wakulima kwa bei ya juu. Faida humnunulia silaha kali zaidi. Mwaka 1983 nchi yetu ilipambana na walanguzi. Mwaka uliofuata, mchezo huu ulimvika mtu wa aina hiyo taji la ushujaa.

Tunaona kasoro mbili kubwa:

(a) Mchezaji hashuki katika sayari hata moja. Huingia kituoni, husoma orodha ya bei, huondoka. Mkulima haonekani, na bei huwa kama mvua, jambo lisilo na mwenyewe. Kwa nini sayari ya kilimo ibaki hivyo daima? Mchezo haujibu, kwa kuwa hauulizi.

(b) Katika orodha hiyo wamo watumwa, wakipimwa kwa tani. Ni kweli polisi humwandama anayewabeba. Lakini soko humpokea na kumlipa. Boko iko kando ya barabara ya Bagamoyo, mji walikopitishwa watumwa na pembe za ndovu. Kijana wetu alikwisha kununua tani tatu. Tulimwuliza sababu.

"Zina faida, Mwalimu."

Hakusema "wana". Alisema "zina". Mchezo ulikwisha kumhamishia watu katika ngeli ya mizigo, naye hakuwa na habari.

Hatusemi upigwe marufuku. Katazo la 1974 halikutufundisha kompyuta. Tunasema uchezwe darasani, na mchezaji aulizwe kila anapouza: nani alilima, nani alipanga bei, na tani hizi ni akina nani? Nao vijana wenye ujuzi watunge mchezo ambamo chombo kinatua, na mkulima anazungumza.